Mama Mkubwa, nywele za binti yangu zinanishinda

Shikamoo Mama Mkubwa.

Mimi ni mzungu, nimezaliwa Ujerumani, ila huu ni mwaka wa 11 naishi Mafinga. Nafundisha useremala katika chuo cha ufundi. Mke wangu, naye mzungu, ni muuguzi, na wiki nyingi anaingia zamu ya usiku. Tuna binti mmoja, nimwite Neema ingawa si jina lake. Alikuja kwetu akiwa na mwaka mmoja na nusu. Tulipitia ofisi ya ustawi wa jamii, tukakaa naye kwa kipindi cha uangalizi, hatimaye Mahakama Kuu ikatoa amri ya kumwasili. Sasa ana miaka 6. Mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu. Mimi ni Baba Neema.

Alipokuwa mdogo tulimnyoa nyumbani kwa mashine kila mwezi, na hakuna aliyesema neno. Mwaka jana akakataa. Alitaka kusuka kama rafiki yake wa nyumba ya pili. Tukaziacha zikue. Mama yake akirudi asubuhi analala, kwa hiyo kichwa cha Neema kimekuwa kazi yangu.

Namchana baada ya kuoga, zikishakauka vizuri, kwa kitana kidogo tulichokuwa nacho nyumbani. Analia. Inachukua saa nzima, na mwisho wake ni mafungu mawili niliyofunga kwa raba, moja limepanda na jingine limeshuka. Sokoni nimewasikia akina mama wakisema, "Maskini, mtoto hana mtu wa kumsuka." Walisema Neema akiwa amenishika mkono.

Miezi miwili iliyopita mama mmoja wa kanisani, kwa moyo mwema kabisa, alimchukua baada ya ibada akamsuka. Alipendeza sana. Lakini alisukwa kwa kubana mno, akashindwa kulala siku mbili, na pembeni mwa kipaji cha uso vikatoka vipele vidogo. Siku ya pili, saa nne usiku, nilimfumua, naye akalia zaidi kwa sababu alitaka kubaki mzuri.

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea wiki iliyopita. Nilikuwa namchana, kitana kikakwama, nikashusha pumzi na kumwambia mke wangu kwa Kijerumani kwamba leo zimekuwa ngumu mno. Neema anaelewa Kijerumani. Akaniuliza, "Baba, nywele zangu ni mbaya?" Nikamwambia hapana. Jioni nikamkuta mbele ya kioo amevaa sweta kichwani, mikono ya sweta inaning'inia mgongoni, anaiyumbisha. Alisema hizo ni nywele za mama. Bibi yake wa Ujerumani ametuma brashi nzuri ya manyoya, na Neema hataki hata kuiona kwa kuwa haipiti.

Januari anaanza darasa la kwanza. Shule inaruhusu mambo mawili tu, kunyoa au twende kilioni. Kazini wananiambia nimnyoe yaishe. Wengine wanasema kusuka si kazi ya mwanaume, nimpeleke saluni. Mke wangu anasema tujifunze. Je, ni haki mtoto aumie kwa mikono yangu isiyojua, wakati mtaani kuna watu kumi wanaojua?

Baba Neema, Mafinga

*

Marahaba, Baba Neema, na poleni nyote watatu.

Nimesuka nywele kwa zaidi ya miaka 30, kwanza Tanga nikiwa msichana, baadaye Ilala. Katika barua yako yote, neno lililonishtua si la sokoni wala la kanisani. Ni hili lako mwenyewe: "zikishakauka vizuri". Nywele za kipilipili hazichanwi kavu. Hata walioacha msemo wa mwenzako akinyolewa zako tia maji walikuwa wanakijua kichwa hiki hiki tunachokizungumza. Maji yanatangulia.

Wewe ni seremala. Ukipiga randa kinyume cha nyuzi za ubao, ubao unararuka, na hutaulaumu ubao. Unywele wa Neema umejikunja kama spiringi tangu unapotoka kwenye ngozi, na kila mkunjo ni mahali unapoweza kukatika. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteleza kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka kama wako. Kwenye wake yanakwama juu na ncha zinabaki kavu. Ndiyo maana wewe ukikaa siku tatu bila kuosha kichwa unajisikia vibaya, na yeye kuoshwa mara moja kwa wiki, au hata kila baada ya wiki mbili akiwa amesukwa, kunamtosha.

Kwa hiyo badilisha siku na saa. Mafinga ni baridi, basi iwe Jumamosi mchana, jua likiwa limepanda, mpate nafasi bila kukimbizana. Muoshe, kisha paka kondishena nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Gawa kichwa mafungu manne, bana matatu, shika moja. Anza kwa vidole, tafuta mafundo, yaachanishe. Halafu chukua chanuo la meno mapana. Kile kitana kidogo kibaki cha kuchora njia tu. Mkono mmoja ushike nywele karibu na ngozi, ili chanuo likivuta, mvuto uishie mkononi mwako usimfikie kichwani. Mkono mwingine uchane kuanzia nchani, ukipanda kidogo kidogo kuelekea shina. Anayeanzia shinani anasukuma mafundo yote yarundikane chini, na hapo ndipo kilio kinapotoka. Weka pembeni chupa ya kupulizia maji, maana fungu la nne litakuwa limekauka kabla hujalifikia.

Ukimaliza, paka mafuta ya nazi au ya mnyonyo nywele zikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaleti maji, kazi yake ni kuyafungia yaliyomo. Wazazi wengi, na wala si wazungu peke yao, hupaka mafuta mazito juu ya nywele kavu halafu wanashangaa zinakatika. Usiku mfunge kitambaa cha satini, kwa sababu foronya ya pamba inanyonya unyevu wake na kuzikwaruza.

Jambo jingine nikuambie mapema usije ukaogopa. Kila mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Kwako zinaanguka unapochana, huzioni. Kwa Neema aliyesukwa zinabaki zimefungwa ndani ya msuko. Siku utakayomfumua baada ya wiki mbili utatoa bonge la nywele mkononi, na moyo utakuruka. Hazikung'oka siku hiyo. Ni za wiki mbili zilizokuwa zinakusubiri.

Sasa nije kwenye lile swali alilokuuliza mtoto.

Nilipokuwa na miaka 22, bado Tanga, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka kama 7 nimsuke kwa ajili ya Idd. Baraza lilijaa wanawake. Nilipozishika zile nywele nikacheka, nikamwambia mama yake, "Huyu hana nywele, ana katani." Tanga katani kila mtu anaijua, wakacheka wote. Mtoto hakulia. Nilimsuka vizuri, akaenda zake. Baada ya sikukuu mama yake akaniambia kwamba mtoto alichukua mkasi akazikata mwenyewe, kuanzia mbele. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi yule mtoto. Watu walishangaa mtu mzima anamwomba radhi mtoto mdogo, na yeye hakunijibu, aliangalia chini tu. Neno lile sijalitumia tena kwa kichwa cha mtu.

Nakusimulia hili kwa sababu unadhani tatizo lako ni vidole. Vidole vitajifunza. Neema hakusikia Kijerumani tu, alisikia ile pumzi uliyoishusha. Mtoto anayesukwa amekupa kisogo, haoni uso wako, basi anakusoma kwa mikono na kwa pumzi. Saa zote atakazokaa kati ya magoti yako mpaka awe msichana mkubwa, atakuwa anasikiliza unavyohisi kuhusu kichwa chake. Kumwambia "hapana, si mbaya" halafu ukaendelea kuhema hakusaidii kitu.

Rudi kwake. Mwambie, "Siku ile uliniuliza kama nywele zako ni mbaya. Mimi ndiye niliyekosea. Nilitumia kitana kisichofaa, na sikutia maji." Mwambie kwa lugha zote mbili, na Kijerumani kisikose, kwa sababu aliumia kwa Kijerumani. Tangu siku hiyo, kilichokwama ni chanuo, siyo nywele. Nywele ni nyingi, zimeshikana, zina kiu. Maneno hayo ni ya kweli na hayamchomi. Neno "ngumu" liache kabisa ndani ya nyumba, hata mke wako akilisema kwa uchovu wa zamu.

Kuhusu sweta, tuliza moyo. Mimi nililivaa la shule, na mama yangu alikuwa Mzigua wa Handeni mwenye nywele kama zangu. Wasichana wengi niliosoma nao walifanya hivyo hivyo, kwa sweta, kwa kanga, kwa taulo. Usilibebe kana kwamba ni kosa la rangi yako. Lakini kuna tofauti moja, na usiipuuze. Mimi nilipolivua sweta nilimkuta mama jikoni ana kichwa kama changu, amekifunga kilemba, anaimba. Neema akilivua, nyumbani kwenu hamna kichwa cha namna hiyo.

Hapo ndipo swali lako linapopata jibu. Unauliza wewe au wale watu kumi wa mtaani. Mimi nasema wewe, pamoja na mmoja wao. Mmoja, yule yule kila mara. Mtafute msusi mtulivu anayesuka watoto. Kabla ya kukubaliana naye, watazame watoto aliokwisha kuwasuka, hasa pembeni mwa vipaji vyao. Ukiona nywele zimerudi nyuma na ngozi inang'aa, toka hapo kimya kimya. Ukiona zimejaa, kaa. Mwambie ukweli kwamba unataka Neema asukwe na wewe ufundishwe, na mlipe kazi zote mbili, kwa sababu kufundisha nako kunakula muda wake. Kisha kaa pale pale, usimwache mtoto ukaenda gereji. Shika nywele, chora njia, uulize. Msusi huyo hatakuwa fundi tu. Neema atamwita mama mdogo, atamwona anavyojichana mwenyewe, atasikia wanawake wanavyozungumza wakiwa wanasukana. Hayo wewe huwezi kumpa, na hakuna aibu kuyaomba kwa jirani.

Lakini usimkabidhi moja kwa moja. Mkono wa baba juu ya kichwa chake autambue.

Na wale wanaosema kusuka si kazi ya mwanaume, waulize kama wamewahi kufika Dar es Salaam. Vijana wa Kimasai wanasuka rasta mjini kila siku, wanakaa pande mbili za kichwa cha mteja na mikono inakwenda kama cherehani. Wengi wao kazi ile hawakuijulia mjini. Kwao morani husukana wenyewe kwa wenyewe, misuko myembamba inayofika mgongoni, wakazipaka mafuta na udongo mwekundu. Siku ya kuuacha umorani, mama ndiye humnyoa mwanawe. Nimekaa nao kibarazani Ilala, na kuna mmoja aliyenifundisha kufunga ncha vizuri kuliko nilivyojua.

Mpaka Januari una muda, ila usianze na twende kilioni. Jina lake linatokana na kusukwa upesi, mtu ameitwa msibani hana saa ya kupoteza, lakini wepesi huo ni wa anayejua. Anza na kusokota. Gawa kichwa vipande 8 au 10, kila kimoja kigawe nyuzi mbili, zisokote mpaka mwisho. Nywele za kipilipili zinashikana zenyewe, hata raba huhitaji, na hizo raba za ofisini zitupe kwa sababu zinakata. Wiki tatu za kusokota zitakupa mkono mwepesi na zitampa Neema Jumamosi tatu bila machozi. Kisha nenda kwenye mabutu ya kusuka nyuzi tatu. Mwombe pia msusi akuonyeshe kuzungushia uzi mweusi, bibi zetu walizinyoosha hivyo bila moto wala dawa.

Twende kilioni jifunzie chuoni kwako. Chukua kipande cha ubao, pigilia misumari midogo kwa mistari, funga nyuzi nyingi za kufumia sweta, kisha suka ukiokota nyuzi mpya kutoka chini kila unapopiga hatua. Siri iko kwenye kuokota kidogo, na vidole visinyanyuke mbali na ubao. Wanafunzi wako wakiona, waache waone. (Nimesema nyuzi za sweta. Kwa ajili ya Neema, katani usitumie, hata kwa mazoezi.)

Vile vipele ulivyoviona si vya kupuuza, na ulifanya vema kumfumua. Vipele kwenye mstari wa nywele, kichwa kinachouma usiku, ngozi iliyovutika mpaka nyusi zinapanda, hizo ni dalili kwamba mashina yanang'olewa. Zikikatika pembeni mara chache zitarudi. Zikivutwa miaka na miaka, shina hufa na hapo pembeni hapaoti tena. Nimewasuka wanawake wa miaka 30 waliokuja wamefunika vipaji kwa aibu, na chanzo kilikuwa utotoni. Kwa hiyo mpe Neema haki hii mbele ya yeyote, awe msusi, mama wa kanisani au wewe: akisema "naumia", mkono unasimama na msuko unalegezwa. Kuna watu watasema mtoto anadekezwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Rasta za kuongeza nywele bandia ziache kwanza, zina uzito kwa kichwa cha miaka 6. Na dawa ya kulainisha usiruhusu iguse kichwa chake, hata kama mtu atakuambia ipo ya watoto. Ni kemikali kali, inaunguza.

Kunyoa nako nisikuache bila neno. Si aibu. Wasichana wengi wa shule nchini wamenyolewa na ni wazuri, na Neema hatakuwa peke yake. Akichoka akasema mwenyewe "Baba ninyoe", mnyoe bila huzuni, kwa mashine yenu ya nyumbani mliyoisafisha. Mashine inayopita kichwa hadi kichwa inasambaza mapunye, na mapunye hayaponi kwa mafuta ya kupaka, hospitali watampa dawa ya kumeza. Ninachokataa ni kumnyoa kwa sababu wewe umechoka. Alikwisha kukuambia anachotaka.

Wale akina mama wa sokoni hawakuwa na ubaya. Kwetu kichwa cha mtoto ni cha mtaa mzima, na mtoto mwenye nywele zisizochanwa humtia uchungu kila mwanamke anayepita. Ila walisema mbele yake, basi na wewe jibu mbele yake. "Shikamoo mama. Anaye mtu wa kumsuka, ni mimi baba yake, bado najifunza." Halafu mwulize anayeonekana mkubwa kuliko wote anatumia mafuta gani. Mtaondoka hapo na maelekezo ya nusu saa, pengine na chupa ya bure, na Neema atakuwa amesikia baba yake anamsemea.

Ile brashi aliyotuma bibi yake usiitupe. Kuchana haiwezi, lakini ukishamaliza kumsuka, ilowanishe kidogo, tia tone la mafuta, pitisha taratibu pembeni mwa uso na kisogoni ambako vinywele vifupi vinasimama. Inavilaza vizuri sana. Mwache Neema aishike mwenyewe mbele ya kioo, kisha ampigie bibi yake simu amweleze inavyotumika.

Mama Mkubwa